Picha ya Shimo la Maji ya Mvua

Jumatatu nilipanga foleni katika ofisi moja ya serikali ya mtaa wa Al Sadd, huku ughaibuni, nyuma ya mlinzi Mkenya aliyetumwa na tajiri wake. Ghala analolinda lina shimo la kukusanya maji ya mvua yasifurike barabarani, na kwa sababu hiyo tajiri aliomba apunguziwe ada ya kuondoa maji hayo.

Karani alitazama picha ya shimo kwenye simu ya mlinzi, akamrudishia. "Asimame mtu kando ya shimo, tuone ukubwa wake."

"Niko peke yangu pale," mlinzi alisema taratibu. "Nani atanipiga picha?"

Karani aliinua mabega, akaniita mimi niliyefuata. Sikwenda dirishani. Nilipanda basi na yule mlinzi hadi ghalani, nje ya mji wa Al Wakrah.

Alisimama kando ya shimo, akanyoosha kola. Nikapiga.

"Dada, nipige nyingine ya kumtumia mama. Miaka miwili namtumia za kujipiga mwenyewe. Juzi ameniuliza kama huku hakuna watu."

Nilimpiga picha nne. Baadaye tajiri alipata punguzo lake. Mama naye alipata picha ya kumwambia kwamba mwanawe ana mtu, na wakati anaifungua, mimi nilishapanda basi la kurudi.