Sura ya Mwisho na Cherehani ya Dada

Kila asubuhi, kabla hajaongea na mtu mwingine, Kasuku alivuka barabara na kikombe chake cha chai, akaingia kwenye chumba cha dada yake fundi cherehani, akakalia gunia la vitambaa na kusoma kwa sauti alichokiandika jana. Jina la Kasuku alipewa na huyo huyo dada aliyemlea, maana utotoni alikuwa hafungi mdomo.

Dada hakuwa mtu wa kusifu. Alikanyaga cherehani tu. Lakini hadithi ikimshika, miguu ilisimama yenyewe, na Kasuku akajua sura imeiva. Cherehani ikizidi kunguruma, alirudi kwake akaandika upya.

Ndivyo vilivyoandikwa vitabu vyake vyote, tangu kile cha kwanza ambacho wachapishaji walikirudisha kama kilivyokwenda, mpaka hivi vya sasa ambavyo wanawake wanavisoma saluni hadi wanasahau kwamba nywele zimekauka zamani. Watu wakimzonga mwandishi njiani, Dada hakuona wivu hata chembe. Sifa zake, mwache azile. Yeye ndiye aliyesikia kwanza, na hilo lilimtosha.

Siku moja akaja mteja wa kupunguza sketi.

"Fundi, mdogo wako nimemsikia redioni! Anamsifu mhariri wake huyo! Eti ndiye sikio lake."

"Sikio lake?"

"Ndivyo alivyosema. Kha, wewe hukusikiliza?"

Dada alimpima kiuno yule mama mara mbili, na bado akakosea.

Kesho yake Kasuku alileta sura ya mwisho ya riwaya mpya. Humo mama mmoja anampelekea mwanawe viatu gerezani, anakuta mguu umekua. Miguu ya Dada ikataka kusimama, akailazimisha iendelee. Kamsomee huyo sikio lako, alijisemea moyoni, akakanyaga, akakanyaga.

Kasuku alimaliza, uso umemshuka. "Kumbe mbaya hivyo?"

"Mimi najua nini, mwenzangu? Muulize mhariri."

Kasuku alimtazama. Kisha akainama, akavuta kitambaa chini ya sindano. Kilikuwa matundu matupu, huku mpaka kule. Uzi ulikuwa umekatika kitambo.

"Dada. Ulikuwa unashona nini?"

"Nimepitiwa."

"Ningeichana hii sura, unajua? Ningefika nyumbani nikaichana."

"Si una sikio lingine!"

"Yule anasoma nikishatoka hapa! Ungeniuliza tu, dada yangu. Ungenitukana hata. Lakini unidanganye kwenye kazi?"

Dada alitaka kuomba radhi. Kilichomtoka ni, "Chai yako inapoa."

Kasuku alikusanya karatasi zake moja moja, akazipanga vizuri magotini, akasimama.

"Haya, dada. Kazi njema."

Akatoka. Mle ndani hajaingia tena mpaka leo.