Filamu Iliyogeuka Pazia Bunda

Siku yangu ya kwanza kazini Musoma, Afisa Utamaduni alinitia kipaza sauti mkononi kabla sijakaa. "Gari la sinema halina bubu," alisema. "Picha ikisema Kichina, wewe sema Kiswahili." Kichina hakikujulikana na yeyote ofisini, yeye mwenyewe akiwemo. Basi nilisoma nyuso kwenye kitambaa cheupe cha sinema, nikasema.

Tulikuwa na filamu moja ya vita, ya Asia, isiyopendwa: risasi chache, mvua tele. Tuliionyesha Butiama baada ya vita vya Uganda. Ilipofika pale mama anafua sare ya mwanawe asiyerudi, Mama Wegesa, ambaye mwanawe pia hakurudi vitani, alisimama. Kivuli chake kikajaa kitambaa.

"We Bwana Sinema, nyamaza! Hapo naelewa mwenyewe."

Nilishusha kipaza sauti. Yakasikika maji tu kwenye beseni. Tangu hapo, kila tukifika Butiama alikuwa wa kwanza kuuliza, "Ile ya kufua mmekuja nayo?"

Kisha petroli ikaadimika. Balbu ya projekta ikaungua, nyingine isipatikane, gari likawekwa juu ya mawe. Biashara huria ikaleta video. Bohari yetu ikafagiliwa, filamu zikatoka na takataka. Nikastaafu, nikarudi kwetu Nyakato, nikidhani kustaafu ni kunyamaza.

Juzi alinijia kijana kutoka Dar es Salaam, mkusanyaji wa filamu. Ile isiyopendwa, alisema, wenzake wanaitafuta dunia nzima. Ilikotengenezwa, nakala ziliungua. Nikamwambia yetu ilitoka na takataka. Tuliulizia waliookota, hadi Bunda, mgahawani kwa Mzee Shabani. Mlangoni lilining'inia pazia la kuzuia nzi, la kanda za filamu. Nilishika ukanda mmoja, nikauinua juani. Alikuwa yule mama, na beseni lake.

"Mungu wangu! Vita vizima vimening'inizwa mlangoni?" kijana alishika kichwa.

"Na nzi hawapitagi," alijibu Mzee Shabani. "Mkilichukua, leteni lingine."

Kijana alichukua pazia. Nilimwomba ukanda ule mmoja. Alisita, akanitazama usoni, akaniachia.

Niliupeleka Butiama. Mama Wegesa, sasa mkongwe, aliusogeza karibu na jicho, akaupitisha juani picha baada ya picha. Kwa mazoea nikafungua mdomo nitafsiri. Akainua kiganja.

"Miaka yote hii," alisema, "bado hajaianika ile sare?"