Nzuri, Ila

Miaka ile ya wakimbizi nilipata kazi ya ukalimani kwenye nyumba moja pale Rusimbi, mjini kwetu kando ya ziwa, walikohifadhiwa wanawake kutoka Burundi waliovurugwa akili na waliyoyaona. Mimi ni mtoto wa Kasingirima, mtaa wa mji huo huo, na mtu anayejua Kiha, lugha ya kwetu, hapotei kwenye Kirundi. Bosi wangu alikuwa mtaalamu wa saikolojia aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, mtu mpole, na upole wake ulinikera kuliko ukali.

Kila wiki aliwauliza maswali yale yale. Aliyeonekana amepona alipandishwa lori kwenda kambini, akaishi kwenye hema lake mwenyewe. Ambaye bado, alibaki kwetu, akapikiwa na kuangaliwa.

Kulikuwa na mama mmoja aliyemzika mtoto wake njiani, kabla ya kufika mpakani Manyovu. Nilimwogopea yeye kuliko wote. Alipoulizwa habari za usingizi, alijibu kwa adabu, "Ni meza," yaani nzuri. Kisha akavuta pumzi. "Mugabo umwana ararira ijoro ryose." Ila mtoto analia usiku kucha.

Mtaalamu alinikatiza hapo hapo kwenye "ila." Alitaka jibu moja, nzuri au mbaya.

"Bosi, hiyo nzuri ni hodi tu," nilimwambia. "Hata msibani tunaitikia nzuri kwanza. Habari yenyewe inakuja nyuma."

"Najua, dada. Hata mama yangu huitikia hivyo. Lakini nikifuata unachodhani wewe kwamba anamaanisha, nitakuwa nimekupima wewe, siyo yeye."

Nilikasirika, maana maneno yake yalikuwa na ukweli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikuwahi kulalia cha yule mama. Ningejuaje yaliyomo ndani yake? Nilichemka hadi nyumbani. Jioni ndipo nikaona kwamba hata mtaalamu hakukilalia, na aliyekilalia alipofungua kinywa kutueleza, tulimnyamazisha.

Wiki zikapita, na kila wiki akahesabiwa mzima, hadi jina lake likafika kwenye orodha ya lori. Siku ya lori, mtaalamu alimwita pembeni. Lazima nimpe haki yake: safari hii aliamua kumsikiliza.

"Muulize, halafu mwache amalize," aliniambia.

Nikamuuliza. Mama akatazama ziwa, akanitazama mimi.

"Ni meza."

Tukangoja. "Mugabo?" nikamchokonoa kwa ile ila yake, ingawa kazi yangu haikuniruhusu.

"Oya," akasema. Hapana. "Ni meza."

Mtaalamu alifurahi kutoka moyoni. Ile ila ilikuwa imeondoka, kwa hiyo mgonjwa alikuwa amepona. Mimi niliumia, lakini nilitafsiri neno kwa neno kama nilivyoajiriwa. Mama akapanda lori akiwa amekumbatia furushi lake.

Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, tukaletewa habari kutoka kambini kwamba yule mama amejiua.

Kesho yake nilifika kazini mapema. Mtaalamu alikuwa amesimama kizingitini, macho mekundu.

"Habari za asubuhi, dada?"

"Nzuri."

Hakunipisha. Alisubiri, maana sasa alijua kwamba nzuri ni hodi tu, na nadhani alitaka sana nimseme.

"Ila?" akaniuliza.

Nilikuwa na maneno ya kumwaga siku nzima. Nikamtazama, nikayaona hayana pa kwenda.

"Hakuna," nikasema, nikaingia ndani.