Ilizima Tu Yenyewe

Mnanichosha. Ndiyo, na wewe unayesoma hii kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ukienda kwa daktari unaeleza mpaka ulichokula juzi. Ukienda kwa fundi wa kompyuta unakuwa bubu. "Ilizima tu yenyewe." Yenyewe! Kama vile iliamka, ikapiga mswaki, ikaamua kufa.

Ubaya wa maneno hayo nimeuona kwa macho yangu, nikisubiri simu yangu kwa dada mmoja ambaye wateja wanamwita Bisibisi. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la maduka. Ukiwa mrefu unaingia umeinama, na kila anayepanda ghorofani ni kama anamkanyaga utosini. Ufundi hakusomea popote. Alianza kwa kufungua redio ya kwao, akachapwa, akaifunga, ikaimba. Tangu hapo hajatulia. Hata akikaa, goti linacheza chini ya meza kama anasubiri majibu ya mtihani.

Asubuhi ile alikuwa na kibano mkononi na simu kaibana kwa bega. Mama mkwe wake, sauti imefunguliwa mpaka mwisho.

"Mwanangu, simu yangu inasema imejaa tena."

"Mama, futa zile picha za asubuhi njema kwenye kikundi cha familia."

"Nifute salamu za watu? Mimi sikulelewa hivyo!"

"Haya mama, nitapita jioni."

Akakata. "Salamu za watu," akajisemea, na skrubu ikamponyoka. Akapiga magoti kuitafuta.

Alipoinuka, mzee mmoja alikuwa kasimama mlangoni, dereva mstaafu, shati limenyooshwa pasi, kabeba laptop nyembamba iliyoviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Hii ni ya mwanangu. Ilizima tu yenyewe."

Akaeleza. Binti yake anasoma vitabu vya shule kwa sauti na kuvirekodi, kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Mtihani wao umekaribia. Alisafiri, akaiacha laptop nyumbani, na leo anarudi aipeleke shuleni.

"Vitabu vyote vimo humu," mzee akasema. "Hana kwingine alikoviweka."

"Kuna kitu kilimwagikia humu?"

"Hapana."

"Hata maji kidogo?"

"Binti, nimesema hapana."

Sasa sikiliza. Kama hakijamwagika kitu, fundi anachomeka chaja aone. Kama kimemwagika, akichomeka anaweza kuunguza bodi, ule ubao wa ndani unaobeba kila kitu. Na kwenye hizi laptop nyembamba, mahali mafaili yanapokaa pameunganishwa na bodi hiyohiyo. Ikiungua, huchomoi kitu. Chaja ilikuwa tayari mkononi mwake. Lakini utamwambiaje mtu wa umri wa baba yako kwamba anadanganya? Wewe ungeweza?

Goti likaanza. Akaiweka chaja mezani, akaanza kufungua skrubu za chini, na bila kuinua macho akauliza kama anapiga soga tu:

"Na hiyo chai, mzee, ilikuwa na sukari nyingi?"

"Sukari? Daktari alishanikataza zamani, mimi nakunywa..."

Nilikimeza kicheko. Bisibisi hakucheka.

"Ya maziwa?"

"Maziwa kidogo," mzee akasema, akilikunja taulo na kulikunjua.

"Lini, mzee wangu?"

"Juzi. Nikaikausha kwa kile kikausha nywele cha mama yao. Halafu nikaichomeka, nione kama inawaka."

"Ikawaka?"

"Iliwaka. Ikazima."

"Juzi!" Bisibisi akasema. "Ungekuja juzi hiyohiyo jamani!" Ukali wake wote uliishia hapo.

Alipoifungua, harufu ya maziwa yaliyochacha ikatupiga usoni. Akachomoa betri, akasugua bodi kwa brashi na spiriti. Nikajisogeza nione. "Kaka, toka kwenye taa yangu." Nikatoka. Akairudisha betri, akabonyeza, kioo kikawaka. Mzee akapiga makofi. Bisibisi hakungoja makofi, alishachomeka diski ya nje na kuanza kunakili mafaili. Mstari wa kijani wa kuonyesha kazi imefika wapi ukaanza kutambaa kama umelazimishwa.

"Bado?"

"Bado, mzee."

"Na sasa?"

"Mzee, hata ukiuliza haisikii."

Feni ya laptop ikaanza kunguruma. Harufu ya kuungua ikatoka, kioo kikawa cheusi. Akajaribu tena. Akasugua tena, akajaribu tena. Kimya. Akaichomeka ile diski kwenye kompyuta yake: historia ipo, jiografia ipo. Sayansi haipo.

"Hairudi?"

"Kwangu mimi, hairudi."

Simu ya mzee ikaita. Ni binti yake. Akampa Bisibisi akinong'ona, "Zungumza naye wewe. Mwambie ilizima tu."

Akaipokea. "Dada, mimi fundi. Historia na jiografia viko salama. Sayansi imepotea, na laptop yenyewe imekufa. Ilivyokuwa, atakueleza mzee mwenyewe." Akamrudishia simu kwa mikono miwili.

Mzee akatoka nje, akatupa mgongo. Hatukusikia neno. Tuliona tu mkono wake wa pili ukiinuka kama umeshika kikombe, ukapinduka taratibu. Ukainuka tena, ukapinduka tena, nadhani aliambiwa arudie. Halafu akasikiliza, kichwa chini, muda mrefu.

Aliporudi hakutuangalia usoni.

"Anasema chai si kitu," akasema. "Anasema ningemwambia juzi, angeomba laptop ya mtu hukohuko aliko, na sayansi angekuwa ameshaisoma upya yote."

Bisibisi akainuka, akashusha laptop moja kuukuu kutoka rafu ya juu, akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Mpelekee hii. Kibodi mbovu, lakini inarekodi."

Basi nakuomba. Kama kuna simu au laptop ya mtu umeimwagia kitu ukaificha kabatini, usiichomeke. Toa chaja, halafu funga ukurasa huu umpigie mwenye kitu. Mwambie ni nini ulichomwaga, na lini. Sasa hivi, si jioni.