Mlinzi na Tuta la Maua

Inatangazwa kwa masikitiko na heshima zote: Afande, mlinzi mstaafu aliyekabili majambazi kwa rungu na filimbi bila kutoa jasho, ametiwa kiwewe na tuta la maua.

Mkewe alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Kabla ya kuondoka alitawanya mbegu za marehemu mama yake chini ya dirisha la jikoni, akazifunika kwa udongo kiduchu, kama mtu anayetia chumvi kwenye yai. Zilikuwa za mwisho. Kikopo cha mbegu kilibaki kitupu.

"Baba watoto, wewe mwagilia tu. Usiguse kitu."

Maua yenyewe hayana makuu, yanaota hata ukiyapa kisogo. Asubuhi moja Afande akatoka na kopo la maji, akakuta umati. Vimche vimesimama ovyo, bila mstari, bila utaratibu. Maisha yake yote kazini alifuata sheria moja: usiyemjua haingii. Akachutama, akavitoa kimoja kimoja, kistaarabu kabisa. Majani mapana ya pembeni akayaacha, maana hayo sura zao alizizoea.

Fundi viatu, jirani yake, akachungulia juu ya ua. "Afande, mbona umeng'oa maua ukaacha magugu?"

Akaviokota vimche kwenye ndoo ya taka, akavirudisha ardhini. Vikalala chali. Tangu hapo, kila pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, moyo unampaa akidhani ni mkewe. Chai haipiti. Aliwaza kununua mbegu nyingine dukani, lakini marehemu mkwe hauzwi kwenye pakiti.

Mkewe akarudi. Alipiga magoti kando ya tuta, mkoba ungali begani.

"Umefanya nini hapa?"

"Nilidhani wavamizi."

Afande alitamani atukanwe. Badala yake mkewe akaanza kukwangua udongo kwa ukucha, polepole, machozi yakimdondoka, mpaka akafikia vimche vitatu vilivyochelewa kuota.

"Mama yangu amebaki hivi vitatu," akasema. "Viguse uone."

Kesho yake fundi viatu akamkuta Afande juani, kwenye kigoda mbele ya tuta, mikono ameikalia.

"Haya Afande, leo unamzuia nani?"

"Mimi."