Mguu wa Kulia wa Taratibu

Hebu mtazame anavyokuja. Anakuja kwa miguu, ndiyo, kwa miguu, mtu ambaye majirani walishazoea kumsikia kabla ya kumwona: kwanza mlio wa pikapu, kisha mchakacho wa tela tupu nyuma yake. Leo hakuna mlio. Mabuti yake ya mpira yamejaa tope, na mkononi ameshika kamba ya kuongozea ng'ombe. Mwisho wa kamba hakuna ng'ombe. Anatembea akitazama chini, na watu barazani wanadhani ni aibu. Si aibu. Anautazama mguu wake wa kulia auone unakanyaga wapi, maana usipotazamwa wenyewe haumwambii.

Kazini wanamwita Taratibu. Wakamuaji wa shamba la maziwa ndio waliompa jina hilo, kwa vile alivyokuwa akivuta tela la ng'ombe kama mtu aliyebeba bakuli la uji uliojaa hadi ukingoni.

"Taratibu, tutafika leo au tubebe mashuka?" walikuwa wakimtania.

"Ng'ombe hawajalalamika," alikuwa akijibu. "Nyinyi mnaokaa mbele kwenye kiti ndio mnalalamika."

Kazi yake ilikuwa kupeleka mitamba waliouzwa kwa wanunuzi, na aliifanya kwa mwili mzima. Mtamba akihamia upande mmoja wa tela, yeye alimhisi mgongoni kama mtu anavyomhisi mtoto aliyembeba akigeuza kichwa.

Kisha mguu ukaanza kufa ganzi. Vidole kwanza, akadhani buti limebana. Siku moja alitembea kutoka chumbani hadi mlangoni akaacha alama za damu sakafuni, moja baada ya nyingine, kama aliyekuwa akipiga mhuri. Mkewe, ambaye ni mshonaji, akaacha cherehani.

"Baba watoto, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

Akamkalisha, akauinua mguu, akachomoa kisiginoni kipande cha sindano ya cherehani yake mwenyewe. Taratibu alicheka. Mkewe hakucheka. Huko zahanati daktari alisema sukari imeshakula mishipa ya fahamu, na kwamba mguu ule usiaminiwe tena kwenye pedali. Taratibu alirudi nyumbani na nusu ya maneno hayo: habari za kupunguza chai ya sukari. Nusu ya pili mkewe aliigundua mwenyewe, kidogo kidogo, kama wake wanavyogundua.

Sasa nikwambie juu ya kitufe. Pikapu ya shamba ni ya kisasa, haina klachi, na kwenye usukani ina kitufe ambacho madereva wanakiita kruzi. Ukikibonyeza, gari linashika mwendo ulioutaka na kwenda nao lenyewe, mguu unapumzika. Ukigusa breki, linaachia. Hakuna aliyekisema vibaya kitufe hicho kama Taratibu.

"Kruzi ni ya barabara kavu, iliyonyooka, na gari tupu," alikuwa akiwaambia madereva wageni. "Ukishafunga tela, isahau. Mlimani inakamua injini. Mteremkoni tela linakusukuma, na yenyewe haina habari. Mvua ikinyesha, tairi likateleza, yenyewe inakuongezea moto."

Ndivyo alivyosema, na alikuwa sahihi. Lakini mguu ulipoacha kumweleza kama umekandamiza mafuta kidogo au sana, gari likawa linaruka na kusita, ng'ombe wanagongana huko nyuma, na aliyekuwa fahari ya shamba akaanza kuendesha kama mwanafunzi. Akajaribu kruzi mara moja tu, barabara ikiwa kavu na tupu. Gari likatulia. Ng'ombe wakatulia. Taratibu alitamani kulia kwa raha. Tangu siku hiyo kitufe kikawa mguu wake, na mguu ukawa abiria.

Asubuhi ya leo kulikuwa na manyunyu. Ndani ya tela walikuwamo mitamba wawili wenye mimba. Kabla ya kuingia bondeni alijua kabisa kwamba anapaswa kuzima kruzi. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Lakini akiizima, ingebidi mguu ufanye kazi mteremko mzima. Akakiondoa kidole.

Katikati ya mteremko tela likaanza kupiga mkia. Kidogo, halafu si kidogo. Akakanyaga breki. Gari halikupunguza. Akakanyaga kwa nguvu zaidi, meno yameumana, na gari likaendelea na mwendo wake ule ule kama mtu anayeitwa asisikie. Ndipo akatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga sakafu, pembeni mwa pedali, kwa bidii yote. Alipoinua macho, tela lilikuwa dirishani, ubavuni kwake.

Mtamba mmoja alikufa mtaroni, lilikoishia tela. Wa pili alivunjika mguu, ikabidi achinjwe pale pale. Taratibu ndiye aliyemshika kamba, kwa sababu mnyama alitulia aliposikia sauti yake.

Mwenye shamba alifika na fundi. Ni mama mtu mzima, mkali. Wafanyakazi humsalimia wakiwa wamesimama. Fundi aliingiza kichwa ndani ya gari, kisha akatoka.

"Kruzi ilikuwa inafanya kazi. Taa yake inawaka mpaka sasa," alisema. "Taratibu, wewe? Wewe uliyekuwa unatuhubiria?"

"Ni mimi."

"Mwache," mwenye shamba akasema. "Mtu akichoka, vidude hivi vinamshawishi. Vyuma vinanyooshwa." Akamwekea Taratibu mkono begani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Dereva mwingine ningemfukuza hapa hapa, na unanijua. Lakini wewe ni wewe. Fundi atakata waya wa hicho kitufe, kisikutie majaribuni tena. Gari likipona utanipeleka shamba la ng'ambo na wajukuu zangu. Sitawapandisha gari la mtu mwingine."

"Mama, huu mguu wangu..."

"Umeumia?"

Hapo mlango ulikuwa wazi, na Taratibu aliuona uko wazi. Angesema maneno machache tu.

"Hapana, Mama. Hauumi."

"Basi afadhali. Nenda nyumbani ukapumzike."

Ndiyo sababu anakuja kwa miguu. Walitaka kumpandisha, akakataa. Hakutaka kukaa karibu na wema wao.

Sasa ameketi kwenye kiti kifupi kando ya cherehani. Mkewe amemvua mabuti na kuleta beseni la maji ya vuguvugu. Anayapima kwanza kwa kiwiko, kama maji ya mtoto mchanga, kwa sababu mwenye mguu hawezi kuyapima. Amesikiliza yote bila kumkatiza.

"Umemwambia?"

"Nilianza."

"Ulianza." Anasugua tope katikati ya vidole. "Na kitufe?"

"Fundi anakikata."

"Kwa hiyo sasa utabaki na mguu tu."

Taratibu anatazama ukuta. "Niache gari nifanye nini, mke wangu? Nikae hapa nikupangie vifungo?"

"Vifungo vyangu havina watoto ndani."

Hajamwambia neno gumu kama hilo tangu wafahamiane, na wote wawili wanalisikia likikaa chumbani. Taratibu anaviamuru vidole vyake visogee, kimoja tu, angalau kile kikubwa. Maji ndani ya beseni hayatikisiki.

Simu ya Taratibu inaita juu ya meza ya cherehani, kwenye kitambaa kilichokatwa nusu. Ni mwenye shamba. Bila shaka anataka kujua kama dereva wake amefika salama. Taratibu hanyanyui mkono. Amemtazama mkewe kwa macho ambayo mwanamke huyo hajawahi kuyaona, ya mtu anayeomba asiokolewe. Mkono wa mkewe umelowa, na ndio ulio karibu na simu. Akiipokea na kusema analojua, mumewe hatashika usukani tena maisha yake yote, na huenda asimtazame tena kama mke. Simu inaendelea kuita. Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, ungekuwa na mkono ule uliolowa, ungeipokea?