Jakuzi la Nyanga Lililogoma Kupasha

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la nne. Alikuwa anasimamia mabomba na umeme wa hoteli moja Bukoba mjini, mtu mfupi, mkali.

"Inatosha," akasema. "Hapa unazima umeme, ndiyo unagusa maji. Ukigeuza mpangilio huo, hutaugeuza mara ya pili."

Hakuwa anatania. Sijaugeuza mpaka leo.

Ninyi mnaoita fundi kila taa nyekundu ikiwaka, sikilizeni. Jakuzi ni beseni kubwa la kuogea lenye pampu, chujio na hita. Pampu inasukuma maji, chujio linakamata uchafu, hita inapasha. Maji yakipita kidogo mno, hita inajizima yenyewe isiungue. Ukijua hilo umejua nusu ya kazi. Mimi sikulisoma popote. Nilishika bomba kwa mkono nikalisikia.

Kutoka hapo nikapelekwa Muleba, kwenye nyumba ya wageni ya tajiri yule yule mwenye hoteli. Jakuzi la huko lilikuwa linatoa povu kama beseni la kufulia. Meneja akaniamuru niongeze klorini, dawa ya kuua vijidudu.

"Bosi, klorini haitoi losheni," nikamwambia. "Wageni wako wanaingia wamejipaka."

Nikamwaga maji yote, nikasugua, nikajaza upya. Nikalegeza nati ya bomba kidogo mpaka hewa iliyonasa ikatoka, maana hewa nayo inazuia maji. Kisha nikaandika ukutani kwa rangi: OGA KWANZA. Meneja alinuna. Povu likaisha.

Baadaye nikajitegemea, na ndipo nikakutana na Mama Mwalimu wa Nyanga. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, magoti yamemwisha. Binti yake alimwekea jakuzi nyuma ya nyumba, karibu na kibanja, shamba lake la migomba, na akishaloweka miguu asubuhi aliweza kutembea mpaka kanisani. Hita ikafa, nikaweka mpya na chujio jipya. Wiki haijaisha, taa nyekundu ikawaka, maji baridi.

Binti akaleta mhandisi kutoka Mwanza, mwenye vyeti. Nilipofika alikuwa ameshatoa hukumu mbele ya ndugu na majirani.

"Hita imeungua. Imefungwa na mtu ambaye hata maelekezo yake hawezi kuyasoma."

Nyanga neno likisemwa hivyo asubuhi, jioni liko sokoni. Kama ni kweli, nani angeniita tena?

"Chujio umelitazama?" nikamuuliza.

"Mzee, chujio ni jipya. Umeliweka mwenyewe."

Nikashika bomba. Maji yalipita kwa unyonge. Nikamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, jakuzi unalifunika na nini?"

"Kifuniko kilichanika. Naweka majani ya mgomba, juu nyasi, vile baba alivyokuwa anafunika rubisi, pombe yetu ya ndizi, isipoe. Joto linakaa vizuri sana, waitu."

Nikazima umeme, nikachomoa chujio. Kwa nje lilikuwa safi. Nikapanua mikunjo yake kwa vidole: nyuzi za mgomba na vipande vya nyasi vimeshonana ndani kama mkeka. Nikaliweka pembeni, nikawasha bila chujio kwa muda mfupi tu, kujaribu. Taa nyekundu ikazimika. Nikaweka kiganja kwenye bomba. Likaanza kuwa vuguvugu.

Mhandisi naye akashika bomba. Si mtu mbaya. "Hili kwenye kitabu halimo," akasema.

"Aliyekiandika hana mgomba," Mama Mwalimu akamjibu. "Muombe mzee radhi, kisha njoo unywe kahawa."

Akaniomba, mbele ya wale wale.

Nikaliosha chujio, nikarudisha, nikashona kifuniko kipya cha turubai chenye sponji ndani. Majani ya mgomba yakarudi kwenye rubisi. Jumapili Mama Mwalimu alikwenda misa kwa miguu yake, na mimi nikapata wateja mpaka Izigo.

Sasa nimestaafu, na nimeshukuru. Mgongo haukubali tena kuinamia pampu. Yule mhandisi hupiga simu akikwama, na swali langu ni moja: umewauliza wenye nyumba wanafanya nini?

Siku niliyokwenda Nyanga kuaga, Mama Mwalimu aliniuliza kama nimewahi kuingia kwenye jakuzi. Nikafikiri. Miaka yote hiyo, hata mara moja.

"Basi leo ingia, utulize huo mgongo."

Nikavua viatu, nikainua mguu. Akanizuia kwa mkongojo.

"Wewe. Oga kwanza."

Nikaenda kuoga.